Mkazie macho aliye wavuni: jibu kuhusu tenisi ya wawili wawili

Swali: Mwalimu, shikamoo. Mimi ni mpenzi wa tenisi ya mmoja mmoja na naifuatilia kwa miaka mingi. Siku hizi nimeanza kutazama wanaume wawili wawili kwenye mashindano ya viwanja vigumu, na kuna jambo linanitatiza. Nyota ninayemjua kwa mikwaju yake anaungana na nyota mwenzake, halafu wanatolewa raundi ya kwanza na watu wawili ambao sijawahi kuwasikia. Tena seti ya tatu haichezwi. Wanapiga pointi 10 tu, mechi imekwisha. Je, huu ni ushindani wa kweli au ni bahati nasibu ya kujazia ratiba?

Marahaba. Ni ushindani wa kweli, na hao usiowajua waliwatoa nyota wako kihalali kabisa. Nitakueleza wanavyofanya, halafu nije kwenye hesabu ya pointi, maana hapo una hoja.

Aliyezoea mmoja mmoja humfuata kwa macho anayeupiga mpira. Kwenye mchezo ule inatosha. Kwenye wawili wawili ukifanya hivyo utaikosa nusu ya mechi, kwa sababu pointi nyingi huamuliwa na mtu ambaye hajaugusa mpira bado: yule aliyesimama wavuni. Anayesevu, yaani anayeanzisha pointi, yuko nyuma, mwenzake yuko mbele, hatua mbili tatu kutoka kwenye wavu. Mpokeaji anajua kwamba akiurudisha mpira kizembe huyo wa mbele ataukata. Kwa hiyo hata asiponyanyua raketi, tayari amemlazimisha mpokeaji aupige mpira chini zaidi, au kwa pembe kali zaidi, au kwa haraka kuliko alivyopenda. Ile mipira unayoona ikigonga wavu, au ikitoka nje kwa upana wa kiganja, mara nyingi ni kazi ya mtu wa wavuni, ingawa takwimu zitaandika kosa kwa jina la mpokeaji.

Vipimo vya uwanja vitakusaidia kuelewa. Uwanja wa mmoja mmoja una upana wa mita 8.23. Wa wawili wawili unaongezewa ukanda wa mita 1.37 kila upande, unafika mita 10.97. Urefu haubadiliki, ni mita 23.77. Sasa piga hesabu. Nyota wako akicheza peke yake, mpinzani wake naye yuko peke yake, analinda mita zote 8.23, na anaweza kukimbizwa kushoto na kulia mpaka pumzi imwishie. Wakiwa wawili, kila mmoja analinda chini ya mita tano na nusu. Ile fohendi inayowamaliza watu pembeni sasa inamkuta mtu ameshasimama palepale. Nafasi zinazobaki wazi ni chache na nyembamba: katikati ya wapinzani wawili, miguuni pao, kwenye ukanda wa pembeni, na juu ya vichwa vyao. Nguvu peke yake haizifikii. Zinataka shabaha na mkono mwepesi.

Halafu kuna muda. Mpira unaokwenda kilomita 100 kwa saa hukata karibu mita 28 kwa sekunde, na kutoka mstari wa nyuma mpaka kwenye wavu ni mita 11.9. Maana yake aliye wavuni ana kama nusu sekunde ya kuuona mpira, kuamua, na kuiweka raketi mahali pake. Mchezaji wa mmoja mmoja wa siku hizi amelelewa nyuma ya mstari wa nyuma. Anazungusha mkono kwa upana, anausokota mpira, anajipa nafasi. Mlete wavuni umpigie mpira wa kifuani, ule mzunguko mpana hauna pa kupita. Mabingwa wa wawili wawili wao wamekaa wavuni miaka na miaka. Voli zao, yaani mipira wanayoipiga kabla haijadunda, ni fupi, raketi haivuki bega kurudi nyuma, na miguu inasogea kabla mkono haujasogea. Ndiyo maana unaweza kumwona mtu wa miaka arobaini akimfanya kijana wa miaka ishirini na mbili aonekane mzito.

Nikuoneshe pointi moja kwa karibu. Gemu imefika 40 kwa 40. Kwenye mashindano ya ATP, chama kinachoendesha ziara ya wanaume, wawili wawili hawana faida, yaani si lazima kushinda pointi mbili mfululizo. Inachezwa pointi moja, na anayeipata amechukua gemu. Wanaopokea ndio wanaochagua sevu ije upande wa kulia au wa kushoto, lakini hawaruhusiwi kubadilishana nafasi kwa ajili ya pointi hiyo. Kwa hiyo kuchagua upande ni kuchagua mtu: yule ambaye mkono wake umekaa vizuri siku hiyo anapewa mzigo. Upande wa pili, anayesevu na mwenzake wanakutana, wanafunika midomo kwa mpira au kwa raketi ili wapinzani wasisome midomo yao, wanaongea kidogo tu. Wanakubaliana mambo mawili: sevu itaangukia wapi, na mtu wa wavuni atakimbilia wapi. Jozi nyingine hazikutani. Mtu wa wavuni anaweka mkono mgongoni na kuonesha ishara kwa vidole, mwenzake anaitikia.

Kisha yule wa wavuni anachuchumaa katikati kabisa, juu ya ule mstari unaogawa maboksi mawili ya sevu, kichwa kikiwa chini ya ukingo wa wavu. Wavu pale katikati una sentimita 91 tu, kwa hiyo lazima ajikunje kwelikweli. Mwenzake anasimama karibu na alama ya katikati ya mstari wa nyuma. Wamekaa kwenye mstari mmoja, na mpokeaji anayewatazama hajui aliyechuchumaa ataibukia upande gani. Sevu inapigwa, inaangukia katikati, karibu na makutano ya mistari. Mpira wa namna hiyo unamnyima mpokeaji pembe. Hawezi kuupeleka nje sana kokote. Na sasa tazama wakati wa kuondoka, maana hapo ndipo ustadi ulipo. Aliyechuchumaa akiondoka mapema, mpokeaji atamwona na kubadilisha mkwaju. Akichelewa, hafiki. Anaondoka pale ambapo mpokeaji ameshakaza macho kwenye mpira na mkono umeshaanza safari, hauwezi tena kurudi. Anavuka, anakutana na mpira juu ya wavu, anaukandamiza miguuni mwa mpinzani wa karibu. Mikwaju mitatu, gemu imekwenda.

Mtazamaji atasema mpokeaji amerudisha vibaya. Hakurudisha vibaya. Alirudisha pale pekee aliporuhusiwa kurudisha, na pale palikuwa na mtu.

Wapokeaji nao wana majibu yao, na hapa ndipo nyota wa mmoja mmoja hukwama zaidi. Amezoea kurudisha sevu kwa kina, karibu na mstari wa nyuma wa mpinzani, ili aanze mabadilishano marefu. Mpira huo mrefu na wa juu kidogo ndio mtu wa wavuni anaouomba Mungu usiku na mchana. Mpokeaji stadi hufanya kinyume: anasogea mbele, anaukinga mpira kwa mzunguko mfupi, anaushusha upite karibu na wavu na kuzama miguuni mwa anayesevu. Anayepigiwa miguuni lazima aupige mpira kuelekea juu, na mpira unaopanda ni chakula cha mwenzake mpokeaji. Mara chache anampiga lobu, mpira wa kupita juu ya kichwa, mtu wa wavuni kwa sevu ya kwanza kabisa ya gemu, bila kujali kama ataipata pointi hiyo, ili tu yule jamaa arudi hatua moja nyuma kwa dakika kumi zinazofuata. Na mara nyingine anampigia moja kwa moja mwilini. Hilo si utovu wa adabu. Mpira ukimgusa mchezaji kabla haujadunda, amepoteza pointi.

Uwanja mgumu unaingiaje hapa? Ni lami au zege iliyopakwa tabaka za rangi ya akriliki iliyochanganywa na mchanga, na mchanga huo ndio unaopanga kasi: ukikwaruza zaidi, mpira unapungua mwendo. Shirikisho la kimataifa, ITF, hupanga viwanja kwenye madaraja matano ya kasi, hivyo mashindano mawili yote yakiitwa ya uwanja mgumu yanaweza kutofautiana sana. Kinachovifananisha ni kudunda. Mpira unadunda sawasawa, unapanda kiunoni au zaidi, hauruki ovyo. Kwenye nyasi unabaki chini na kuteleza, jambo linalompendelea anayesevu na kukimbilia wavuni. Kwenye udongo unapoozwa. Kwenye uwanja mgumu mpokeaji anaweza kuuamini mdundo, akaupiga kwa nguvu zake zote akiwa amesimama imara.

Matokeo yake utayaona kwa macho yako. Zamani kila aliyesevu alikimbilia wavuni, wachezaji wote wanne wakajikuta mbele. Leo, hasa kwenye viwanja vigumu vya kasi ya wastani, wengi wanasevu na kubaki nyuma, kwa sababu marejesho yanakuja makali mno kuyapokea ukiwa mbioni. Kazi yote ya kuvuka na kukata imehamia kwa mwenzao wa mbele. Mimi nadhani mabadiliko hayo yameufanya mchezo uwe wa akili zaidi, ingawa nakiri kwa macho ya mtazamaji mgeni unaonekana mtulivu kuliko zile vurugu za watu wanne wavuni.

Tuje kwa watu wenyewe, maana umesema hujawahi kuwasikia. Bob na Mike Bryan wa Marekani, mapacha, walishinda mataji 119 wakiwa pamoja, 16 kati yake ya Grand Slam, yale mashindano manne makubwa ya mwaka. Bob anatumia mkono wa kushoto na Mike wa kulia, na hilo ni silaha kuliko linavyosikika: kwenye uwanja wa wazi, jua linalompiga mmoja usoni anaporusha mpira wa sevu halimsumbui mwenzake, kwa hiyo wanapanga nani asevu kutoka upande gani. Rajeev Ram na Joe Salisbury walichukua US Open mara tatu mfululizo, 2021, 2022 na 2023, jambo ambalo hakuna jozi ya wanaume iliyowahi kulifanya kwenye mashindano yale tangu enzi ya wazi, wachezaji wa kulipwa waliporuhusiwa, ianze mwaka 1968. Hakuna kati yao aliyewahi kuingia 50 bora wa mmoja mmoja. Na Januari 2024 Rohan Bopanna wa India, akiwa na miaka 43, alishinda Australian Open na Matthew Ebden na kushika namba moja ya dunia kwa mara ya kwanza maishani mwake. Kwenye mmoja mmoja, umri huo miguu haikubali. Kwenye wawili wawili eneo la kulinda ni dogo, na kinachobaki ni sevu, mkono, na kumbukumbu ya kila mpinzani anapenda kupiga wapi akibanwa. Vitu hivyo vitatu havizeeki haraka.

Sasa pointi 10. Mtindo huu, pamoja na ile pointi moja ya 40 kwa 40, ulianza kutumika kwenye mashindano ya ATP mwaka 2006. Waandaaji walitaka mechi zenye muda unaotabirika, ziweze kupangwa kwenye viwanja vikubwa na kuoneshwa kwenye televisheni, na nyota wa mmoja mmoja wakubali kucheza bila kuogopa kumaliza nguvu. Wataalamu wa wawili wawili hawakufurahi. Mwaka 2005 kundi lao lilikwenda hadi mahakamani Marekani kupinga mageuzi yaliyokuwa yanapangwa, yakiwemo makali zaidi ya haya.

Hoja yako kwamba bahati imeongezeka ni ya kweli, na sitaipamba. Chukua fainali ya mwaka 2023 ya Indian Wells, mashindano ya ATP huko Marekani. Bopanna na Ebden waliwashinda Wesley Koolhof na Neal Skupski 6-3, 2-6, 10-8. Ukijumlisha gemu za zile seti mbili, walioshinda kombe walikuwa na nane na walioshindwa walikuwa na tisa. Pointi mbili mwishoni zikafuta yote. Ile pointi ya 40 kwa 40 mimi naipenda. Inamtaka kila mtu aoneshe mpango wake bora papo hapo, na inaleta msisimko kila baada ya dakika chache. Taibreki ya 10, ile mbio ya pointi 10, naivumilia tu. Jozi zilizogawana seti mbili zilistahili ya tatu. Kwenye Australian Open na US Open wanaipata: faida inahesabiwa kama kawaida, seti ya tatu inachezwa nzima, na taibreki ya 10 inakuja pale tu seti hiyo ikifika 6-6. Ukitaka kuupima mchezo huu bila kinyongo, anza na hayo mawili. Jozi 64 zinaingia, na mtu hafiki fainali kwa kubahatisha.

Lakini hata kwenye mtindo mfupi, wiki nenda wiki rudi, majina yanayobaki nusu fainali ni yaleyale. Mchezo wa bahati nasibu usingewarudisha watu walewale.

Labda utauliza pia kwa nini nyota wako walikuwa pale kama hawakujiandaa. Viwango vya wawili wawili ni vya mtu binafsi, si vya jozi. Ili kuingia, viwango vya wachezaji wawili vinajumlishwa, na kanuni inamruhusu mchezaji kutumia kiwango chake cha mmoja mmoja. Kwa hiyo watu wawili wa 20 bora wanaweza kukubaliana kucheza pamoja na wakaingia moja kwa moja bila kuwahi kusimama upande mmoja wa wavu. Wapo pia wanaopewa kadi ya mwaliko. Indian Wells na Miami zinawavutia sana, kwa sababu mmoja mmoja pale una wachezaji 96, mashindano yanavuka wiki moja, na mara nyingi kuna siku ya mapumziko kati ya mechi na mechi. Wanacheza wawili wawili kunoa sevu na marejesho na kuzoea uwanja. Hakuna ubaya. Ila ukikutana na jozi ambayo imekula, imesafiri na imefanya mazoezi pamoja miezi minane, ukosefu wa mazoea utakuumbua kwenye mipira ya katikati: wote wawili mnauendea, au wote wawili mnauacha.

Wakiamua kwa dhati, hata nyota hushinda. Kwenye Olimpiki ya Beijing mwaka 2008, iliyochezwa kwenye uwanja mgumu, Roger Federer na Stan Wawrinka waliwatoa akina Bryan nusu fainali na kuchukua dhahabu. Federer alikuwa na voli za mtu wa wavuni halisi, na Wawrinka alirudisha sevu wiki nzima bila kulegeza. Nick Kyrgios na Thanasi Kokkinakis walishinda Australian Open mwaka 2022 wakiwa wameingia kwa mwaliko, lakini hao wamekua pamoja na walishacheza wawili wawili tangu michuano ya vijana. Jack Sock alifika namba nane ya dunia kwenye mmoja mmoja, na mwaka 2018 alichukua US Open ya wawili wawili akiwa na Mike Bryan. Ukiwachunguza wote hao utakuta sevu kubwa na mikono isiyoogopa mpira wa karibu. Anayetegemea kukimbia na kuchosha watu hupata tabu hata awe namba ngapi.

Mechi ijayo fanya hivi: kwa gemu mbili tatu usiufuate mpira wakati sevu inapigwa. Mkazie macho aliye wavuni upande wa anayesevu, uone uzito wa mwili wake uko mguu gani, na anaondoka kabla au baada ya mpokeaji kuanza kuzungusha mkono. Baada ya hapo mtazame mwenzake mpokeaji, yule aliyesimama karibu na mstari wa boksi la sevu; huyo kazi yake ni kumsoma mtu wa wavuni wa upande wa pili na kuziba tundu iwapo mpira utakatwa. Na ikifika taibreki ya 10, angalia nani anatangulia kusevu kwa kila jozi. Zamu ya jozi inaendelea ilipokuwa imefikia, lakini ndani ya jozi kanuni inawaruhusu kupanga upya nani aanze, kama wanavyoruhusiwa mwanzoni mwa kila seti. Wengi humtanguliza mwenye sevu iliyokaa vizuri siku hiyo, ili zamu zake ziwe nyingi kabla pointi ya kumi haijafika.